Habari za Risasi: Jinsi Wawindaji Walivyoisubu na Kuijaribu

Siku moja tulikuwa tukiwasomesha watoto sura ya 15 ya kitabu cha Kutoka, palipo na wimbo ulioimbwa baada ya kuvuka Bahari ya Shamu, na humo adui wamefananishwa na risasi kwa jinsi walivyozama majini. Kijana mmoja akainua mkono akauliza kama askari wa Farao walipigwa bunduki. Wenziwe wakamcheka, walakini tulipowauliza hao waliocheka risasi ni kitu gani, hapana hata mmoja aliyejibu kwamba ni madini. Wote walisema ni kile kitokacho katika bunduki. Tukawapeleka kwenye sura ya 19 ya Ayubu, ambapo risasi yatajwa pamoja na kalamu ya chuma na maandishi ya mwambani, na hapo wakazidi kutatizwa.

Kosa halikuwa la watoto, maana neno lenyewe limehama. Risasi ni neno tulilolipata kwa Waarabu, na maana yake ya asili ni yale madini mazito, laini, ya rangi ya majivu, ambayo mvuvi huyafanya chubwi la mshipi wake. Kidonge kilichotengenezwa kwa madini hayo kikaitwa kwa jina la madini, kisha kidonge kikalichukua jina kabisa, hata madini yamebaki kama mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Na bunduki nayo ina kisa cha namna hiyo. Kwa Kiarabu bunduq ni kokwa ya mti fulani, na baadaye ni kidonge cha udongo au cha madini kilichorushwa kwa upinde, zamani kabla ya baruti kutumika. Basi silaha imeitwa kwa jina la kidonge, na kidonge kimeitwa kwa jina la madini. Anayesema "bunduki na risasi" amekitaja kidonge mara mbili.

Maneno mengine ya kazi hii yanapatikana katika kamusi za wamisionari wa kwanza, nayo yafaa kukumbukwa kwa sababu vijana wetu hawayasikii tena. Wazee wa pwani walisema kusubu risasi, yaani kuyayeyusha madini na kuyamimina. Na chombo cha kumiminia kiliitwa kalibu. Mtutu wa bunduki uliitwa kasiba. Fimbo ya kushindilia iliitwa mdeki. Baruti pamoja na risasi yake, vilivyopimwa vya kutosha mlio mmoja, viliitwa kiasi. Na twaona kwamba neno hili, ambalo leo twalitumia kwa fedha na kwa chumvi, lilikuwa neno la uhai na mauti kwa mtu aliyeshindilia gobori gizani. Vile vidogo vya kupigia ndege ni marisaa.

Maneno hayo yatufundisha jambo moja: zamani mwindaji hakununua risasi, alinunua madini, na risasi aliifanya mwenyewe nyumbani kwake. Ndipo tunapofikia swali ambalo kwa ajili yake tumeandika habari hizi. Risasi ya dukani imekwisha kujaribiwa na mtu mwingine. Risasi ya nyumbani haikujaribiwa na mtu ila yeye aliyeisubu. Je, aliijuaje kuwa ni njema kabla ya kusimama nayo mbele ya mnyama?

Katika kijiji tulikozaliwa alikuwako mzee mmoja mwenye gobori la kibali, naye alikuwa babu wa watoto wote. Alipotaka kusubu alituita tumvuvie moto, nasi tulikwenda mbio. Madini aliyapata kwa mafundi wa magari, katika betri zilizokufa, wala hakuna aliyetuambia siku zile kwamba mavumbi ya betri ni sumu. Aliyayeyusha katika kigae kinene juu ya makaa. Yakiisha kuyeyuka hutupia humo kipande cha nta ya nyuki, nayo huwaka ghafula, naye hukoroga kwa kijiti kikavu na kuengua takataka iliyopanda juu, mpaka uso wa madini ung'ae kama kioo. Kalibu yake ilikuwa ya chuma, yenye taya mbili kama koleo. Aliifukiza kwanza kwa moshi wa koroboi mpaka ndani ikawa nyeusi, kwa maana alisema kwamba madini hayapendi chuma kitupu. Risasi tatu au nne za kwanza zilitoka na makunyanzi kama uso wa mtu aliyelala vibaya, kwa sababu kalibu ilikuwa ingali baridi. Hizo alizirudisha katika kigae bila kuzitazama mara mbili. Jambo alilolikataza kwa ukali ni maji. Siku moja tone la mvua lilianguka katika kigae, madini yakaruka kwa mshindo kama mafuta ya kaango, na kovu la siku ile tunalo mkononi hata leo.

Zilipopoa alizipima. Mizani yake ilikuwa fimbo nyembamba yenye vifuu viwili, na katika kifuu kimoja aliweka risasi moja aliyoichagua kuwa mama. Kila risasi iliyokuwa nyepesi kuliko mama aliitupa, ijapokuwa nzuri kwa macho, maana ndani yake mna povu la hewa lililofungwa, na risasi ya namna hiyo, kwa kuwa ni nzito upande mmoja, hupotoka njiani. Sisi tulidhani ni uchoyo wa mzee. Baadaye, katika vitabu vya wataalamu wa mabara mengine, tumekuta jaribio hilo hilo, ila wao wana mizani ya kioo.

Kisha alikata migomba iliyokwisha kuzaa, akaipanga mashina manne au matano moja nyuma ya jingine, akasimama hatua thelathini, akapiga. Akaja na panga akaipasua migomba kwa utaratibu, akiifuata njia ya risasi mpaka aikute imelala. Akaiweka kiganjani, akaitazama kwa muda mrefu. Kama imefunguka kama uyoga, aliitia katika mfuko mmoja wa ngozi zile zilizosubiwa pamoja nayo, na huo ulikuwa mfuko wa swala na wa kulungu. Akitaka zilizo ngumu, aliongeza katika kigae lehemu ya mafundi, ambayo ina bati ndani yake, akasubu tena na kupiga tena, mpaka risasi itoke katika mgomba wa mwisho ikiwa mviringo kama ilivyoingia. Hizo ziliingia katika mfuko wa pili, uliofungwa kwa uzi mwekundu.

Tulimwuliza kwa nini ajisumbue hivi kwa nyama ya siku moja. Akaingia ndani, akatoka na kitambaa, na katika kitambaa mlikuwa na kitu bapa kama sarafu ya kale. Ilikuwa risasi. Nduguye mdogo alikuwa amemwomba risasi tano za kwendea shamba lililokuwa likiharibiwa na nyati, naye akampa alizokuwa nazo. Nyati alipigwa katika shina la pembe, risasi ikabandika pale pale mfupani isiingie, na nyati akamrudia. Walipomwua mnyama yule siku ya pili waliikuta risasi katika ngozi ya paji. Mzee akasema, "Wajukuu zangu, sarafu hii haina kosa. Ilikuwa njema kabisa. Niliisubu kwa ajili ya swala." Tangu siku ile ndipo alipoanza kupanga migomba.

Basi jambo lote liko hapo. Hakuna risasi iliyo njema yenyewe, bali ni njema kwa mnyama fulani, kwa mtutu fulani, kwa kiasi fulani cha baruti. Iliyo laini humfungukia mnyama mwembamba na kumwangusha upesi, lakini mbele ya mfupa mnene hujibandika. Iliyo ngumu humpenya tembo, lakini katika swala hupita kama sindano, mnyama akaenda mbio na kufa mbali kwa mateso baada ya siku mbili tatu, asionekane na mtu ila tai. Ni nani aliyegundua hayo kwanza, hatuwezi kumtaja, kwa kuwa yaligunduliwa na kila aliyewinda kwa moto.

Sasa tueleze kwa nini desturi hii ya kusubu nyumbani ilidumu kwetu muda mrefu hata kukutana na utoto wetu. Katika karne ya 19 bunduki za kushindilia mdomoni ziliingia bara kwa wingi kwa njia ya Unguja. Majeshi ya Ulaya yalipobadili silaha zao, zile kuukuu ziliuzwa na kupakiwa majahazini, na mwaka 1888 balozi wa Uingereza kule Unguja, Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 za kila namna ziliingia soko la Afrika ya Mashariki kila mwaka. Nyingi zilibadilishwa kwa pembe, na kwa bunduki hizo pembe nyingine zikatafutwa. Kisha tarehe 2 Julai 1890 mataifa yalitia sahihi Mkataba wa Brussels wa kuzuia biashara ya watumwa, na ndani yake mlikuwa na vifungu vya silaha. Katika nchi zote zilizo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini, bunduki zenye mifereji ya msokoto ndani ya mtutu zikazuiliwa kuuzwa kwa watu, ila gumegume, yaani bunduki ya jiwe yenye mtutu laini, na baruti ya kawaida, ziliweza kuruhusiwa. Hivyo wakati Ulaya ilipokuwa ikiingia katika risasi za kiwandani, mwindaji wa kwetu aliwekwa na sheria katika bunduki ya babu zake, na bunduki ile yataka kidonge cha mviringo kisichoshinda ukubwa wa mtutu, basi. Palipokosekana madini ya risasi wahunzi walifua vidonge vya chuma, navyo ni vigumu kupita kiasi na huula mtutu kwa ndani.

Lakini tusidhani kwamba Wazungu waliokuja kuwinda zamani zile walikuwa na elimu nyingine. Frederick Courteney Selous alifika Afrika ya Kusini mwaka 1871, kijana wa miaka 19, na bunduki zake za tembo zilikuwa magobori ya mtutu laini ya nambari 4. Hapa yafaa kueleza nambari hii, kwa maana hata leo bunduki za marisaa huuzwa kwa nambari 12 au 16 na wengi hawajui inahesabu nini. Inahesabu risasi za mviringo zinazopatikana katika ratili moja ya madini. Nambari 12 ni mtutu ambao risasi zake kumi na mbili zina uzito wa ratili. Nambari 4 ni mtutu ambao risasi nne tu zinaijaza ratili, yaani kila moja ina wakia nne. Hesabu ya msubuji imebaki katika jina la bunduki, ijapokuwa msubuji mwenyewe amesahauliwa.

Selous alichukua baruti katika mfuko wa ngozi kiunoni, ikiwa tupu bila kufungwa, akaitia mtutuni kwa kiganja. Kwa magobori hayo aliua tembo 78 katika miaka ya 1872 hadi 1874. Yeye mwenyewe ameandika katika kitabu chake cha mwaka 1881 kwamba kishindo cha bunduki hizo kilimharibu mishipa, hata upigaji wake ukadhoofika kwa maisha yake yote yaliyosalia. Safari moja bunduki iligoma kulia, na mbebaji wake, asijue, akashindilia kiasi cha pili juu ya cha kwanza. Ilipolia, Selous alinyanyuliwa akaanguka kifudifudi, na bunduki ikaruka nyuma yake. Mtu huyo kaburi lake liko kwetu, Beho Beho karibu na Rufiji, alikopigwa risasi vitani tarehe 4 Januari 1917. Na pori lililoitwa kwa jina lake, sehemu yake kubwa tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Mwingine ni Samuel Baker, aliyewinda Ceylon kabla ya kufika mito ya Nile. Huyu alipenda kufikiri juu ya risasi kuliko wenziwe wengi. Kwa tembo na wanyama wa ngozi nene alitaka madini yaliyokazwa kwa bati au kwa zebaki. (Msomaji asijaribu la pili, maana mvuke wa zebaki moto ni sumu kali.) Lakini kwa simba na chui milia, katika kitabu chake cha mwaka 1890, alishikilia risasi nzima ya madini matupu yaliyo laini, na akazilaumu risasi zenye tundu mbele zilizokuwa zikisifiwa siku zile, kwa sababu zilivunjika vipande juu juu zisifike moyoni. Alitaka risasi ifunguke, ipite ndani kabisa, na ibaki katika mnyama chini ya ngozi ya upande wa pili, ili nguvu yake yote itumike ndani. Tulipoyasoma hayo tulimkumbuka mzee wa migomba, kwa maana mifuko yake miwili ilikuwa hoja ile ile.

Jeshi nalo lilijifunza. Bunduki ya Martini-Henry, iliyokubaliwa Uingereza mwaka 1871, ilikuwa na risasi ya sehemu 12 za madini kwa sehemu moja ya bati, imeviringishwa karatasi ili isiache utando katika mifereji ya mtutu. Maana hilo ndilo taabu la mtutu wenye mifereji: risasi laini ikisukumwa kwa nguvu nyingi haishiki msokoto, bali huchunika na kuganda ndani, na baada ya milio michache shabaha hupotea. Mwaka 1882 Eduard Rubin wa Uswisi aliivika risasi ganda la shaba, na tangu hapo kazi ya kalibu ilianza kuachwa na wengi.

Tumesema habari za wanaojaribu kwa haja. Wako pia waliojaribu kwa elimu, na wawili kati yao hatuwezi kuwapita.

Wa kwanza ni Benjamin Robins, Mwingereza, mtu wa hesabu, aliyetoa kitabu cha maarifa ya mizinga mwaka 1742. Kabla yake hapakuwa na mtu aliyeweza kusema kwa hakika risasi yaenda kwa mbio gani, maana jicho haliioni. Robins alining'iniza ubao mzito katika chuma, ukabembea kama pembea, na chini yake akafunga utepe. Risasi ilipoupiga ubao na kuingia ndani yake, ubao ulirudi nyuma ukiuvuta utepe. Kwa urefu wa utepe uliovutwa, na uzito wa ubao, na uzito wa risasi, aliihesabu mbio. Akapata zaidi ya futi 1,600 kwa sekunde. Tena akausogeza ubao mbali, akaona risasi imepungua mbio sana kuliko walivyodhani wataalamu, akatambua kwamba hewa, ambayo sisi twaipita bila kuisikia, huizuia risasi iendayo mbio hivyo kwa nguvu ya zaidi ya mara 100 ya uzito wake. Ubao mmoja na utepe mmoja! Mwalimu yeyote wa shule ya bara aweza kuwaonyesha watoto jambo hili kwa kipande cha gogo na jiwe la kombeo, wala haihitaji fedha.

Wa pili ni Franklin Mann, daktari wa mji wa Milford katika jimbo la Massachusetts, Marekani, ambaye kwa miaka mingi aliacha mapumziko yake kwa ajili ya swali moja tu: kwa nini risasi mbili zilizosubiwa katika kalibu moja, zikapigwa kwa bunduki moja na mkono mmoja, hazigongi mahali pamoja? Ili kuuondoa mkono wa mtu katika hesabu, aliilaza mitutu yake juu ya nguzo ya saruji isiyotikisika. Akapanga karatasi nyembamba njiani, moja baada ya moja, ili kila risasi iache alama ya mapito yake na kuonyesha inavyoyumba. Kisha akafanya jambo ambalo mwindaji asingelifanya: aliziharibu risasi zake kwa makusudi. Nyingine aliikata pua, nyingine aliikwangua kitako upande mmoja, akaziandikia na kuzipiga. Kitabu chake cha mwaka 1909 chaeleza aliyoyaona. Pua iliyoharibika haikudhuru sana. Lakini kitako kilipokuwa na kasoro upande mmoja, risasi ilipotoka, kwa sababu gesi ya baruti hutangulia kuponyoka upande ule wakati risasi inapouacha mdomo wa mtutu, na kuisukuma kombo.

Watu wote waliokuwa wakisubu walikuwa wakichagua risasi kwa kuitazama pua, kwa sababu pua ndiyo inayopendeza. Mann aliwageuza waitazame nyuma. Mzee wetu hakuwa na haja ya somo hili, kwa kuwa risasi ya mviringo haina mbele wala nyuma. Ndiyo faida moja ya gobori, na hatukumbuki nyingine nyingi.

Huko Marekani kazi ya kusubu haikufa kamwe. Kiwanda cha Ideal kilichoanzishwa na John Barlow mwaka 1884 kiliwauzia watu kalibu na koleo za nyumbani, na hata leo wako wengi wanaowinda paa kwa risasi waliyoisubu wenyewe, wengine kwa kupunguza gharama, wengine kwa kupenda tu kujua kitu kimetokana na nini. Ugumu wa madini huupima kwa njia ya Brinell, Mswidi aliyeitangaza mwaka 1900, yaani hubonyeza tufe gumu juu ya madini kwa uzito uliopimwa na kuangalia upana wa shimo. Madini matupu hupata kama 5 kwa kipimo hicho. Na mahali pa migomba wao hutumia magazeti ya zamani yaliyolowekwa maji usiku kucha na kufungwa matita. Hupiga, huchambua karatasi moja moja mpaka waipate risasi, huipima tena uzito ili wajue imepoteza kiasi gani njiani, na kupima upana wa uyoga wake. Mgomba ni maji na nyuzi. Gazeti lililolowa ni maji na nyuzi. Nyama ni karibu na hayo. Watu wa pande mbili za dunia, wasiojuana, wamekuta kitu kimoja.

Liko jambo jingine linalotugusa sisi tunaochapiwa na misheni. Madini yaliyopendwa sana na wasubuji wa Marekani yalitoka katika viwanda vya chapa. Herufi za kuchapia zilisubiwa kwa risasi, bati na antimoni, ambayo jiwe lake ndilo lililosagwa zamani kuwa wanja. Madini ya mashine ya lainotaipu, kwa mfano, yalikuwa sehemu 84 za risasi, 12 za antimoni na 4 za bati, na ugumu wake kwa kipimo cha Brinell ni kama 22. Kompyuta zilipoingia katika uchapaji na herufi zile zikatupwa, watu walizinunua kwa ratili na kuziyeyusha. Safari ile ilikuwa imekwisha kwendwa na vita: mwezi wa Julai 1776 watu wa New York waliiangusha sanamu ya mfalme George wa Tatu, iliyokuwa ya madini ya risasi iliyopakwa dhahabu, na wanawake na watoto wa Litchfield katika Connecticut wakaisubu ikawa risasi 42,088, kwa hesabu iliyoandikwa ya kila aliyesubu.

Hata hivyo hatuwezi kuisifu kazi hii bila kutaja ubaya wake, ambao mzee wetu hakuujua na ambao sasa unajulikana. Madini haya ni sumu kwa damu na kwa akili, hasa kwa watoto, na Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Risasi laini inapofunguka katika mnyama huacha vipande vidogo sana mbali na jeraha, visivyoonekana kwa macho, navyo huliwa pamoja na nyama. Wa kwanza kuonekana wakifa kwa jambo hili ni ndege. Yule tai mkubwa wa California aitwaye kondori alibakia 22 tu mwaka 1982, na baada ya kuzalishwa upya na kurudishwa porini, sumu ya risasi katika matumbo ya wanyama walioachwa na wawindaji imekuwa sababu kubwa kuliko zote ya vifo vyake. Marekani ilikataza risasi za madini haya kwa kuwinda ndege wa majini tangu 1991, na jimbo la California likazikataza katika uwindaji wote tangu tarehe 1 Julai 2019. Wanaojaribu sasa hujaribu shaba, nayo haifunguki kwa urahisi. Basi wamerudi kwenye magazeti yao yaliyolowa, wakianza upya.

Kwetu, kigae cha mzee kilikuwa karibu na jiko la mama wa nyumba, na sisi watoto tulishika madini kwa mikono tukala mihogo bila kunawa. Twawaomba walimu ambao katika kata zao wako mafundi wa kuyeyusha betri wawaambie watu wazi wazi: kazi hiyo ifanyiwe nje, mbali na watoto, na chombo kilichoyeyushia kisipikiwe tena. Ama bunduki na uwindaji, sheria za nchi zataka kibali kwa vyote viwili, nasi hatuandiki haya ili kumfundisha mtu kuvikwepa.

Mzee alikwisha kufa, na gobori lilirudishwa polisi na wanawe. Kalibu yake tunayo. Mdomoni mwake, palipomiminiwa madini, huganda kipande kidogo ambacho kalibu ikifunguliwa hubaki kimeshikamana na risasi, na hakina budi kukatwa kwa kisu na kulainishwa, maana risasi yenye kipande hicho haiendi sawa. Mzee alikiita kitovu. Kamusi tulizo nazo zina kalibu, na mdeki, na kiasi, lakini hazina kitovu kwa maana hii. Wasomaji walio karibu na wawindaji wa zamani, wa Ukamba, wa Unyamwezi, wa Umakua au kwingineko, twawaomba waulize kilivyoitwa kwao, na waliandike jina hilo kama lilivyotamkwa, pamoja na jina la kijiji.